Cosworth DFV: tundu kubwa si hoja

Ukitaja injini ya mashindano, wengi wetu tunawaza hivi: panua matundu ya hewa, nguvu itakuja yenyewe. Cosworth DFV inatusuta. Keith Duckworth aliisanifu kwa ajili ya Formula 1: lita 3, silinda 8, valvu 4 kwa kila silinda. Mwaka 1967, kule Zandvoort, Uholanzi, injini hii ilishinda mbio zake za kwanza kabisa, Jim Clark akiwa kwenye usukani.

Ubora wake uko wapi? Valvu zimekaa karibu wima: kati ya za kuingiza hewa na za kutolea moshi kuna nyuzi 32 tu. Hivyo chumba cha mwako kikawa kidogo, na pistoni haikuhitaji nundu ya kuzuia moto usisambae. Njia za hewa hazikuwa pana kupita kiasi, kwa hiyo hewa iliingia kwa kasi na kuchanganyika vizuri na petroli.

Msuguano je? Ferrari walikuwa na silinda 12. Ukiwa na 8, vinavyosuguana ni vichache.

Ila haikukosa dosari. Ilitetemeka sana, na mwanzoni gia za kuendesha kamshafti zilivunjika, hadi Duckworth alipoweka vishafti vyembamba vya kumeza mshtuko. Bila marekebisho hayo, sidhani kama ingefikisha ushindi 155.

Kwa hiyo fundi akikuambia atakuchongea hedi ili hewa iingie nyingi, muulize kwanza: na kasi yake?