Neno "Kukariri"

Msomaji, yako maneno yaliyoanza kwa heshima, kisha yakashushwa hadhi na wale wanaoyatumia. Mojawapo ni "kukariri". Atakaye kulaumu mafundisho mabaya husema, "Hao hukariri tu," na hukumu imekwisha. Tangu Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutumika rasmi katika madarasa ya chini ya Kenya mwaka 2019, lawama hiyo imezidi kusikika. Je, neno hili lastahili kubebeshwa mzigo huo?

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kurudia jambo mara kwa mara, hasa kwa kulitamka. Hapana mahali maana hiyo isemapo kwamba anayerudia haelewi. Mshairi hukariri kibwagizo mwishoni mwa kila ubeti, wala hatumwiti mjinga. "Kuhifadhi" ni neno jingine: ni kuliweka jambo moyoni lisipotee. "Kuelewa" ni la tatu. Ulimi hukariri, moyo huhifadhi, akili huelewa. Ayachanganyaye matatu haya hawezi kuonyesha kosa liko wapi.

Mimi nalijifunza haya kwa aibu. Niliwauliza wanafunzi wangu idadi ya mizani katika mshororo wa shairi la kawaida. Mmoja akajibu upesi, "Kumi na sita, nane kwa nane." Nikamsifu. Nilipompa shairi ahesabu, alihesabu maneno badala ya silabi. Nikamkemea, nikamwambia kuwa amekariri tu. Usiku nikafahamu kwamba kosa lilikuwa langu: nalimpa jibu la kurudia, sikumpa shairi la kusikiliza. Kesho yake tuliukariri ubeti mmoja pamoja, tukipiga kofi kwa kila silabi. Mara ya tatu akatabasamu, akasema, "Kumbe mizani husikika!" Kukariri kulekule nilikokulaumu ndiko kulikomfungua masikio.

Basi, ukisikia neno hili likitumiwa kama fimbo, uliza maswali mawili: ni kitu gani kilichokaririwa, na baada ya kukariri kulifuata nini? Ikiwa hapakufuata swali, wala mfano, wala kazi ya mkono, hapo lawama ni ya haki, lakini ni ya mafundisho yaliyokatizwa njiani. Neno lenyewe halina hatia.