Seti Ishirini kwa Mbofyo Mmoja: Tusishangilie Mapema

Una seti ishirini za data za maabara. Unafungua programu ya grafu, unazichagua zote, unabofya, na kila seti inapata mstari wake. Linatoka jedwali safi la mteremko na R², kazi kwisha! Ila hapo umesoma jedwali tu. Mchoro hujaangalia hata mmoja.

Hatari yake ni ya kweli. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne, kila moja nukta 11. Zote zina wastani wa x 9 na wa y 7.5, zote zinatoa y = 3 + 0.5x, R² karibu 0.67. Kwenye jedwali ni mapacha wanne. Sasa zichore: ya kwanza imetawanyika kawaida kando ya mstari, ya pili ni upinde, ya tatu imenyooka, ila nukta moja imeruka nje, ya nne, nukta 10 zina x ileile na mteremko wote umebebwa na nukta moja ya mbali.

Kuna "kwa pamoja" ya aina nyingine, na wengi tunazichanganya. Prism na Origin zinaruhusu seti zote zishiriki kigezo kimoja. Tuseme umepima kasi ya kimeng'enya bila kizuizi, kisha kwa viwango kadhaa vya kizuizi. Kama kizuizi kinagombania nafasi ileile na molekuli inayomeng'enywa, kasi ya juu kabisa, Vmax, haibadiliki. Kinachopanda ni Km inayoonekana. Hapo kushirikisha Vmax ni sawa, na seti yenye nukta chache inabebwa na wenzake. Lakini kama kizuizi kinashusha Vmax yenyewe, umewavisha watu wa vimo tofauti shati moja. Programu haitakugombeza. Itakupa namba kama kawaida, nawe utaziandika kwenye tasnifu.

Kwa hiyo, kabla ya kushirikisha kigezo, jiulize ni sababu gani ya kikemia au kifizikia inayokifanya kiwe kimoja. Kisha chora mabaki ya kila seti, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari. Yakijipanga kama upinde badala ya kutawanyika ovyo juu na chini ya sifuri, modeli yako haifai, hata R² ikiwa 0.99.

Na ukiletewa jedwali la vigezo bila michoro, omba michoro kwanza.