Mikono ya Jack Johnson

Wapenzi wa ndondi wakikosa pambano la kutazama, hulitunga. Na wanaotunga ya uzito wa juu ya zamani hawachelewi kuwafikia Jack Johnson, bingwa kuanzia 1908 hadi 1915, na Jack Dempsey, bingwa kuanzia 1919 hadi 1926. Wengi humpa Dempsey. Nawaelewa. Pale Toledo, tarehe 4 Julai 1919, alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza tu, na Willard huyo ndiye aliyemvua Johnson ubingwa.

Ila Johnson aliyepigwa na Willard kule Havana alikuwa na miaka 37, na alianguka raundi ya 26. Wa kupambanishwa ni yule wa Reno, 1910.

Mtazame mikono. Hakwepi sana. Mkono wa kushoto umetangulia, kiganja wazi, unaidaka ngumi kabla haijapata nguvu. Ukimkaribia, anakuwekea glovu juu ya msuli wa mkono, konde linafia begani kwako, kisha kutoka chini inapanda ngumi ambayo hukuiona. Pale Reno, Jim Jeffries, ambaye alikuwa hajawahi kushindwa (kweli, alikuwa amestaafu miaka kadhaa), alifanyiwa hivyo hadi raundi ya 15, huku Johnson akipiga soga na watu wa kona ya mwenzake. Kuzuia kwake kulikuwa kushambulia. Sijaona bondia mwingine aliyefanya kazi ngumu ikaonekana uvivu namna ile.

Dempsey naye hakupi msuli wa kushika. Anainama, kichwa kinayumba huku na huku, na kila ngumi inabeba mwili mzima. Watetezi wake humtaja Stanley Ketchel, bondia mwepesi zaidi, aliyemwangusha Johnson mwaka 1909 katika raundi ya 12. Wa Johnson hujibu kwamba aliinuka na kumzimisha Ketchel papo hapo. Raundi moja, mashahidi wa pande mbili!

Mimi nauliza kwanza sheria. Toledo, Dempsey aliruhusiwa kumsimamia aliyeanguka, akampiga mara tu alipoinuka. Na katika mapambano ya raundi 10, Gene Tunney alimshinda mara mbili kwa pointi, kwa subira na mkono wa kushoto. Nipe raundi 45 kama za Reno, na mwamuzi asiyekataza kushikana, nitamchagua Johnson.

Lakini pambano linaloniuma ni jingine. Sam Langford, mfupi mwenye mikono mirefu, alipigana na Johnson mwaka 1906 akiwa mwepesi mno kwake, akashindwa kwa pointi. Baadaye aliongezeka uzito na ufundi. Johnson, akiwa bingwa, hakumpa marudiano. Dempsey naye alikaa na ubingwa miaka saba bila kupanda ulingoni na Harry Wills, bondia mweusi kama Johnson, maana mapromota waliogopa kuona mtu mweusi akiuchukua tena.

Basi mtie Langford wa 1910 ulingoni Reno badala ya Jeffries. Hapo siweki hata senti.