Istilahi za Matibabu ya Maji ya Tumbo

Tumeisoma kwa makini rasimu ya kijitabu kilichokusudiwa wagonjwa wa ini mkoani Morogoro, hususan wale ambao maji ya tumbo huwarudia kila yatolewapo. Lengo lake ni jema: kumwezesha mgonjwa kuamua akubali upasuaji au aukatae. Lugha iliyotumika ndiyo inayomnyima uamuzi huo.

Mfasiri ameuita ugonjwa "safura". Hilo ni kosa. Safura ni uvimbe na upungufu wa damu uletwao na minyoo. Atakayesoma hivyo ataomba dawa ya minyoo. "Istiska" ni neno halali la kamusi, ila huko Matombo na Mgeta si wengi watakaolielewa. Tunapendekeza "maji ya tumbo", na pale dawa za kukojoza zinaposhindwa, "maji sugu ya tumbo".

Kasoro kubwa imo katika "operesheni ya kutoa maji", ambayo mfasiri ameitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Kutoa maji ni kazi ya sindano. Shunti haitoi kitu nje: siku hizi aghalabu hupitishwa katika mshipa wa shingo hadi ndani ya ini, pasipo kupasua tumbo, ikaunganisha mshipa uletao damu kutoka matumboni na ule uiondoao damu kwenye ini. Msukumo wa damu hupungua, na maji hupungua pia.

Wenzetu walipendekeza "mfereji", neno ambalo mkulima wa Uluguru hahitaji kufafanuliwa. Neno hilo lingefaa shunti ya miaka ya 1970, mpira uliorudisha maji ya tumbo kwenye mshipa wa damu, ambayo sasa ni nadra kutumika. Kwa hii ya sasa tunashikilia "mchepuo". Dereva wa Iringa hupita Msamvu bila kuingia mjini. Vivyo hivyo damu hulikwepa ini bila kusafishwa, sumu zikafika ubongoni, na mgonjwa huweza kuchanganyikiwa. Istilahi inayotaja nafuu na kuficha hatari hiyo haimfai mtu anayetakiwa kutia sahihi.

Aidha, rasimu inasema mchepuo "huponya ini". Sivyo, ini hubaki bovu vilevile. Kinacholiondoa ini bovu ni kupandikizwa jingine, wala si "kubadilisha ini" kama ilivyoandikwa, kana kwamba ni tairi. "Kupandikiza" limekwisha kuzoeleka tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017.