Parachuti si mwavuli: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi

Wanajeshi wanaporuka kutoka kwenye ndege siku ya sherehe ya kitaifa, watangazaji wetu hutuambia kwamba "wanashuka kwa miavuli". Ajali ikitokea angani, taarifa huja na sentensi ambayo haibadiliki, iwe imeandikwa gazetini au imesomwa redioni: mwavuli ulikataa kufunguka. Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki wiki hii. Ni fupi, inaeleweka upesi, na sarufi yake haina doa. Dosari yake ni kwamba inaficha karibu kila kitu ambacho msomaji alitaka kujua.

Kwa wakazi wa Nakuru na majirani zao, hili si jambo la watu wa mbali. Maafisa wa jeshi hufunzwa Lanet, Gilgil kuna kambi, na ukielekea kaskazini hadi Iten utawakuta watu wakiruka kutoka ukingo wa Bonde la Kerio kwa vyombo vya kitambaa vyenye umbo la bawa. Mzazi mwenye mtoto katika shughuli hizo akisikia kwamba mwavuli "ulikataa", ana maswali matatu ya haki. Je, mkoba haukufunguka kabisa? Au ulifunguka, kitambaa kikatoka, ila hakikujaa hewa? Au kilijaa, kisha kikapasuka? La kwanza linamhusu aliyekunja na aliyekagua. La pili huenda likahusu kamba zilizosokotana au kitambaa kilichochakaa. La tatu linahusu uimara wa nguo na kasi iliyokuwapo wakati ule. Kitenzi "kukataa" kinayafuta yote kwa mpigo mmoja na kuubebesha mwavuli lawama, kana kwamba wenyewe ndio wenye kiburi.

Tuwe waadilifu, hata hivyo. Neno mwavuli halikuokotwa jalalani. Mfaransa Louis-Sébastien Lenormand, aliyefanya maonyesho yake mjini Montpellier mwaka 1783, ndiye anayetajwa kuwa alilibuni jina la parachuti, na majaribio yake ya awali aliyafanya kwa miavuli hasa. Jina lenyewe alilifinyanga kwa kufuata yale ambayo Wafaransa walikuwa nayo tayari: kimoja cha kukinga jua, kingine cha kukinga mvua, na sasa hiki cha kukinga anguko. Kwa hiyo Mswahili wa kwanza aliyetazama juu na kusema "mwavuli" aliuona undugu uleule aliouona Mfaransa.

Isitoshe, kuna hoja nzito zaidi ya kulitetea neno hili. Lugha si fizikia, bwana! Tunaita chombo cha angani ndege, na hakuna anayetarajia kipige mbawa au kitage mayai. Tunaita gari la vita kifaru, na hakuna anayelikatia nyasi. Kwa nini basi mwavuli uonewe?

Jibu langu ni hili: ndege na kifaru yalihama na kuacha vitenzi vyao nyumbani. Ndege ya abiria "inapaa", "inatua", na papo hapo "inawashwa" na "kutiwa mafuta" kama mashine yoyote. Mwavuli ulihama na vitenzi vyake vyote: kufungua, kufunga, kutoboka, kuvuja. Kila kimoja kati ya hivyo, ukikitumia kuelezea parachuti, kinakupeleka njia ya upotovu.

Hebu tuanze na kufunguka. Mwavuli una vijiti vya chuma. Ukibonyeza kitufe, vijiti hulazimisha kitambaa kutanuka, upepo uwepo usiwepo. Parachuti haina hata kijiti kimoja. Kinachoitanua ni hewa yenyewe. Kitambaa kikishatoka mkobani na kamba kunyooka, hewa huingia kupitia pindo la chini, hukimbilia utosini, na kuanza kuvimbisha sehemu ya juu. Uvimbe huo huteremka kuelekea pindoni, mdomo unazidi kupanuka, hewa nyingi zaidi inaingia, mpaka kuba lote linajaa. Mara nyingi huvimba hata kupita kiasi kwa muda mfupi, kisha likatulia. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria: kuba la duara lisilo na mianya ya kukatwa hujaa baada ya kusafiri umbali wa karibu mara 8 ya kipenyo chake. Kuba la mita 8 katika kasi ya mita 50 kwa sekunde litahitaji takriban mita 64, yaani sekunde moja na ushei. Katika sekunde hiyo ndimo mna uhai wa mrukaji. Likijaa polepole mno, ardhi inamfikia. Likijaa ghafla mno, mshtuko unaweza kurarua kitambaa au kumvunja mifupa.

Sasa tuje kwenye kuvuja, ambako mwavuli unatupotosha zaidi. Mwavuli unaovuja ni mbovu, hatuna mjadala. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa kwamba parachuti ni mwavuli atadhani kwamba parachuti bora ni ile isiyopitisha hewa hata chembe. Mwambie afanye jaribio. Achukue kipande cha karatasi ya nailoni, akifunge nyuzi nne na kijiwe, akiachie kutoka ghorofani. Kitashuka kikiyumba huku na huku kama pembea. Kisha atoboe tundu dogo katikati na kukiachia tena. Kitatulia. Tundu lililouharibu mwavuli ndilo linaloiponya parachuti.

Sababu yake si ngumu. Hewa iliyonaswa chini ya kuba lisilopenyeka lazima itafute njia ya kutoka, na njia iliyopo ni pindoni tu. Inaponyoka upande mmoja, kisha upande mwingine, na kila inapotoka huacha kizingia nyuma yake na kulisukuma kuba kando. André-Jacques Garnerin aliyaonja haya tarehe 22 Oktoba 1797, aliporuka mjini Paris kwa kuba lisilo na tundu utosini: alifika chini salama, lakini kikapu chake kiliyumba vibaya njia nzima. Baadaye matundu ya utosini yakawa jambo la kawaida. Mwingereza Robert Cocking alitafuta utulivu kwa njia nyingine, kwa kuligeuza umbo liwe kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Tarehe 24 Julai 1837 chombo chake kilivunjika angani jijini London, naye akafa.

Wahenga walikwishasema: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Sijui methali inayoueleza upenyekaji wa kitambaa cha parachuti kuliko hii. Hewa inayopenya kwenye nyuzi hupunguza mshtuko wa kujaa na hutuliza myumbo. Ila pakacha likivuja kila kitu, mchukuzi atafika mikono mitupu. Kitambaa kinachopitisha hewa kupita kiasi hakijai kamwe, kitabaki kikipepea tu kama bendera. Kipimo ndicho muhimu. Kiwango kimoja cha Marekani cha nailoni ya makuba ya duara hutaka kila futi mraba ya nguo ipitishe kati ya futi 80 na 120 za ujazo za hewa kwa dakika, chini ya shinikizo la nusu inchi ya maji. Kwa mizani yetu hiyo ni kama mita 24 hadi 37 za ujazo kwa kila mita mraba, kila dakika. Yaani nguo hiyo imefumwa ivuje, na kuvuja kwake kunakaguliwa. Kwa upande mwingine, vyombo vile vya Iten vyenye umbo la bawa hutaka kitambaa ambacho karibu hakipenyeki kabisa, maana hewa iliyojaa ndani ndiyo inayolipa bawa umbo lake. Fundi hukipima kwa kuhesabu sekunde ambazo kiasi fulani cha hewa huchukua kupenya. Sekunde zikipungua, kitambaa kimezeeka, na jua la ikweta huharakisha uzee huo.

Wachuuzi wa Nakuru wanalijua jambo hili bila darasa. Itazame miavuli mikubwa wanayofunikia nyanya na mitumba. Baadhi ina tundu juu, lililofunikwa na kofia ndogo ya kitambaa. Upepo wa alasiri ukivuma, hiyo inahema na kubaki imesimama. Isiyo na tundu hung'oka na msumari wake au hugeuka kikombe. Hata mwavuli, ukikua, hulazimika kujifunza kuvuja!

Hapo hapo Nakuru pia, hewa yenyewe ina la kusema. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa vipimo vya kawaida hewa yake ina uzito wa takriban asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Parachuti inayotua pwani kwa mita 5 kwa sekunde, ikiwa na mrukaji yuleyule, itatua hapa kwa karibu mita 5.5. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini kwa goti la mwanadamu ni sawa na kutoka kwenye ukuta wa mita 1.3 na kuruka kutoka ukuta wa zaidi ya mita moja na nusu. Neno mwavuli halitampa mtu sababu ya kuwaza hata mara moja kuhusu wepesi wa hewa.

Basi tufanyeje? Wengine watakimbilia kukopa kila istilahi kutoka Kiingereza. Sina ugomvi na parachuti, kwani limekwishapata uraia. Lakini kwa sehemu zake na matendo yake, tunayo akiba nyumbani ambayo hatujaifungua.

Akiba ya kwanza ni ya tanga. Baharia wa pwani hasemi kwamba tanga "limefunguka". Husema limejaa, limeshika upepo, linapwaya, linapepea. Hivyo hasa ndivyo kitambaa cha parachuti kinavyofanya. Mabaharia wa matanga ya pamba walijua hata upenyekaji: upepo ukiwa dhaifu walilimwagia tanga maji ili nyuzi zivimbe na kuziba mianya. Wahandisi wa Kiingereza wenyewe, walipotaka jina la kulibana pindo la kuba ili lijae kwa awamu, waliliazima kwa mabaharia wao. Sisi tunaona haya gani kusema "kupunguza tanga"?

Akiba ya pili ni chandarua. Leo wengi wetu tunakijua kama kinga ya mbu tu, lakini kamusi za zamani hukieleza pia kuwa kitambaa kinachotandazwa juu kwa ajili ya kivuli au pambo. Cha ajabu ni kwamba neno canopy, ambalo Waingereza hulitumia kwa kuba la parachuti, asili yake ni neno la Kigiriki la kitanda chenye chandarua, lililotokana na jina la mbu. Wao walianzia kwenye chandarua wakaishia angani. Sisi tunacho chandarua kile kile, chenye maana zote mbili, na kila mtoto anajua sifa yake kuu: kinazuia na papo hapo kinapitisha.

Kuhusu sifa hiyo yenyewe, baadhi ya waandishi hutumia upenyezaji. Mimi naliona lina kasoro. Kupenyeza kuna mtendaji, na katika magazeti yetu mtendaji huyo aghalabu ni mlanguzi anayepenyeza sukari mpakani. Tunachotaka ni sifa ya kitu, si kitendo cha mtu. Kama tunavyosema usomekaji wa maandishi na upatikanaji wa maji, tuseme upenyekaji wa kitambaa. Uvujaji tuuachie mabomba na mitihani.

Najua pingamizi litakalokuja. Ati mwanajeshi akisema "chandarua changu kimejaa", wenzake watacheka na kumuuliza kama anakwenda kulala. Huenda wakacheka mwezi wa kwanza. Tulipoanza kusema kipakatalishi wapo waliocheka pia. Simlazimishi yeyote kulifuta neno mwavuli katika mazungumzo, na mtangazaji uwanjani anaweza kuendelea nalo. Lakini pale ambapo mtoto anafundishwa, au familia inaelezwa kilichompata mtu wao, lugha iliyo wazi ni haki, na Kiswahili kinaiweza.

Turudi basi kwenye sentensi yetu ya mwanzo. Mhariri akiletewa "mwavuli ulikataa kufunguka", amrudishie mwandishi wake na kumtuma akaulize upya. Majibu yanaweza kuwa haya: mkoba haukufunguka, parachuti ilitoka mkobani lakini chandarua hakikujaa, chandarua kilijaa kikapasuka. Ni sentensi tatu, hakuna hata moja iliyo ndefu kuliko kawaida, na kila moja inamwelekeza mchunguzi kwenye mlango wake.