Upepo wa Ubavuni

Ukitaka kumjua rubani, mtazame akitua Unguja siku ambayo kusi imeinama kidogo na inavuma kutoka kusini-mashariki. Uwanja wa Abeid Amani Karume una njia moja tu ya kurukia ndege, nayo imelala kaskazini-kusini: mwisho mmoja umeandikwa 18, wa pili 36, yaani nyuzi 180 na 360 za dira bila sifuri ya mwisho. Kusi ikinyooka, ndege huikabili uso kwa uso na kazi huwa nyepesi. Ikiinama, upepo humpiga rubani ubavu wa kushoto, na hapo ndipo ufundi unapoonekana.

Ndege zinazozunguka Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mafia nyingi ni ndogo, kama Cessna Caravan yenye injini moja na mabawa juu ya madirisha. Mara nyingi rubani yuko peke yake, na abiria mmoja hupewa kiti cha mbele, pembeni yake. Nimewahi kukaa hapo. Unaona jambo la kutia hofu: pua ya ndege haielekei kwenye lami. Inaelekea kushoto, kwenye upepo, ilhali ndege yenyewe inashuka sawasawa juu ya mstari. Nahodha wa ngalawa anayevuka mkondo hufanya vivyo hivyo, huelekeza omo juu zaidi ya pale anapokwenda.

Lakini matairi hayawezi kugusa lami yakiwa yameelekea kando. Kwa hiyo, mita chache kutoka chini, mguu wa kulia wa rubani unakanyaga pedali na pua inarudi mstarini. Papo hapo mkono wa kushoto unazungusha usukani na kulaza bawa la kushoto, la sivyo upepo utaikokota ndege mpaka majanini. Mguu unadai kulia, mkono unadai kushoto, na mkono wa kulia unapunguza nguvu za injini taratibu. Tairi la kushoto linagusa peke yake. Kisha la kulia. La mbele mwisho. Wakati abiria wameshaanza kutafuta simu zao, yeye bado ameukaza usukani upande wa upepo, kwa maana ndege ndogo ikiwa na mwendo bado inaweza kunyanyuliwa bawa.

Naustahi zaidi uamuzi ambao abiria huuchukia. Mashirika mengi yana kanuni: ndege ikifika futi 1,000 ndani ya mawingu, au futi 500 hali ya hewa ikiwa safi, kila kitu kiwe kimetulia: kasi, mteremko, flapu, mstari. Kimoja kikikosekana, nguvu zinarudishwa zote na ndege inapanda kwenda kujaribu tena. Watu hunung'unika kwamba rubani ameshindwa. Mimi naona hapo ndipo mafunzo yake yanapolipa, maana lami iko mbele ya macho, mafuta yanaungua, ratiba inabana, naye anaiacha.

Hayo hayapatikani darasani tu. Viwango vya kimataifa vinataka saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, 200 kwa ya biashara kwa njia ya kawaida, na 1,500 kwa ile ya ukapteni wa ndege kubwa za abiria. Kijana anayetoka chuo cha urubani, mathalani kile cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, anakuwa na leseni mkononi na pengo kubwa la saa mbele yake. Wengi hulijaza kwenye ndege hizi ndogo, na wako wanaoiona kazi hiyo kuwa ya kupitia tu.

Sikubaliani nao. Dar hadi Unguja ni kama dakika 20, ambazo kwenye kitabu cha rubani huandikwa 0.3. Rubani wa safari ya saa nane hutua mara moja, na pengine hiyo ni zamu ya mwenzake. Huyu wa Caravan, kwa saa nane hizohizo, ametua zaidi ya mara 20, asubuhi upepo ukiwa mlegevu na alasiri ukiwa mkali, na kila mara mguu na mkono vimelazimika kupatana upya.