Chomoa Waya Kwanza, Usifu Baadaye

Duka la vifaa vya usalama pale Kariakoo litakuonyesha kengele kwa upande wake wa kupendeza. Muuzaji atapitisha mkono mbele ya sensa, na simu yake italia papo hapo. Hapo hujaona kitu. Umeme upo, intaneti ipo, na vyote vikiwepo hata mtambo wa ovyo unafanya kazi. Kengele ya jengo hupimwa kwa kuinyang'anya vitu kimoja kimoja, ukitazama kama inagundua kilichoondoka, inamwambia nani, na baada ya muda gani.

Anzia kwenye ruta, maana ndipo wengi wanapokwama. Paneli huwa na betri yake ya volti 12, aghalabu ya saa-ampea 7, inayotosha kuendesha mtambo mdogo mchana na usiku. Sasa fuata waya wa mtandao unaotoka kwenye paneli. Ukikuta umeishia kwenye ruta iliyochomekwa soketi ya ukutani tu, basi umeme ukikatika kengele hiyo itakuwa hai lakini bubu. Gridi ya taifa ilipoanguka tarehe 1 Aprili 2024, ruta za namna hiyo zilizimika pamoja na feni. Wala si lazima gridi ianguke: Luku ikiisha mwenye nyumba akiwa safarini, matokeo ni yale yale. Fundi anayeijua kazi huviwekea umeme wa akiba ruta, kisanduku cha faiba na swichi yoyote iliyo katikati. Kisha tazama tarehe ya betri. Betri hizi za risasi haziwezi joto. Kila nyuzijoto 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake karibu nusu, kwa hiyo iliyofungwa chini ya bati Dar es Salaam isitarajiwe kufikisha miaka ya kwenye katalogi. Mimi hutafuta tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa betri. Wababaishaji hawaiandiki.

Ukiuliza kuhusu njia ya pili ya mawasiliano utaambiwa, "Ina laini mbili." Za mitandao gani? Laini mbili za mtandao mmoja ni njia moja, na hata mitandao miwili inaweza kuwa imepanga kwenye mnara mmoja. Uliza pia nani anaweka salio, kwa sababu bando lina siku yake ya kuisha na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Halafu uliza ujumbe unapita wapi. Kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti iliyumba Afrika Mashariki nzima. Kengele ambayo seva yake iko ng'ambo inategemea kebo hizo hata kama paneli na simu ya mwenye nyumba viko chumba kimoja. Ujumbe mfupi wa simu kutoka Sinza hadi Mikocheni hauna haja ya kuvuka bahari, na redio ya kampuni ya ulinzi, yenye antena yake juu ya paa, haimtegemei mtu wa kati hata mmoja. Redio haina mvuto dukani, lakini jengo lenye redio na laini ya simu kwa pamoja mimi nalipa alama za juu.

Sasa panda ngazi. Katika mtambo wa kawaida wa kengele ya moto, waya hutoka kwenye paneli ukapita kitambua moshi kimoja hadi kingine, na mwisho kabisa hufungwa rezista ndogo. Paneli hupitisha mkondo mdogo wa umeme humo muda wote. Waya ukikatwa au ukitafunwa na panya, mkondo hukatika na paneli hutangaza hitilafu. Fundi mvivu huifunga rezista ile ndani ya paneli yenyewe. Taa itabaki ya kijani mwaka mzima, hata kama dari lote halina waya mzima. Huhitaji mita kumnasa: nenda kwenye kitambua moshi cha mwisho, kizungushe ukitoe kwenye kitako chake, kisha usikilize. Viwango vya Ulaya vinataka hitilafu ionekane ndani ya sekunde 100. Ukimya ukizidi hapo, mwite fundi akufungulie kisanduku.

Kwangu mimi, hiki ndicho kiini cha ufundi wenyewe: ukimya uwe habari. Kengele hutuma ishara ya "nipo" kwenye kituo cha ulinzi kila baada ya muda, na kituo kinapaswa kushtuka isipofika. Kama ishara ni moja kwa siku, mwizi aliyekata waya saa mbili usiku ana hadi kesho yake. Kiwango cha Marekani cha NFPA 72 kinaipa njia moja ya mawasiliano dakika 60 tu kabla kukatika kwake hakujajulikana. Zima ruta, toa laini, kaa na saa mkononi uone lini watakupigia. Wakikupigia ndani ya dakika chache, hao wanajua kazi.

Mawasiliano yakirudi, soma kumbukumbu. Paneli nzuri haifuti tukio mpaka kituo kikiri kulipokea, na hulituma likiwa na saa lilipotokea, si saa lilipofika.

Kubaki peke yake bila mawasiliano kusiizuie kengele kupiga kelele. King'ora cha nje kiwe na betri yake na kilie hata waya wake ukikatwa. Karibu na paneli kuwe na karatasi ya kumwongoza askari wa zamu: namba ya zimamoto, 114, na cha kufanya taa ya hitilafu ikiwaka. Tazama pia kama spika ndogo ya paneli imezibwa kwa gundi ya karatasi. Mara nyingi huzibwa kwa sababu hitilafu imelia wiki nzima bila mtu kuja.

Yote haya yafanyike kabla ya malipo ya mwisho, ngazi ya fundi ikiwa bado imeegemea ukuta.